Nundu za Shadia

Hafidhi alikuwa anatandaza karafuu kwenye majamvi, asubuhi, jua ndio kwanza linachomoza juu ya mlima, Shadia alipotoka mbio kumfukuza mwanambuzi na kujigonga katikati ya uwanja. Mbele yake hapakuwa na kitu, ila mlio uliosikika ni ule wa kichwa na ukuta, ambao kila mzazi anaujua. Mwanambuzi alikuwa ameshajigonga kabla yake, na sasa anatikisa masikio. Mtoto akakaa kitako, akatazama kwanza kama mama yake amemwona, ndipo akalia.

"Pole, mama, pole," Zuhura alisema, akamnyanyua. Nundu mpya ilikuwa inaota pembeni ya ile ya jana.

"Mwangalie mwanao, dada," Hafidhi alisema bila kuinua macho. "Atanimwagia karafuu."

Zuhura akashuka naye mpaka zahanati. Muuguzi Josephina alimpapasa mtoto kichwani, akamwangalia machoni, akasema hana neno. Watoto wote wanajigonga. Kichwa kinakuwa kizito, miguu haijapatana na macho, na ndama na wanambuzi nao ni hivyo hivyo.

"Lakini huyu anajigonga uwanjani, sista. Peupe."

"Wanaokuja hapa kutoka kwenu wote wamejigonga uwanjani," alisema Josephina, akampa dawa ya maji ya maumivu. "Mkande na kitambaa cha uvuguvugu. Anayefuata!"

Zuhura hakuuliza zaidi, maana alikuwa anajua ule ni ukuta gani. Ulikuwa ukuta wa chumba cha mama yake.

Marehemu Maimuna alijenga nyumba pale, kwenye ardhi ya ukoo, ya vyumba viwili, jiko na kibaraza. Huku Matombo ardhi hupita kwa wanawake, mama kwa binti, na mjomba ni mwangalizi tu, hana ruhusa ya kuwapa watoto wake mwenyewe. Maimuna alipofariki, Zuhura alikuja kutoka Dumila, ambako alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma kwa abiria wa mabasi ya Dodoma. Akalala matanga ndani ya nyumba ile, akarudi Dumila kujifungua. Huku nyuma, mjomba Kibwana akaivunja nyumba, akasawazisha uwanja, akampa mwanawe Hafidhi aanikie karafuu. Mabati yakaenda kuezeka stoo ya Hafidhi. Bati ni bati, watu walisema, nani anajua lilikotoka.

Siku Zuhura aliporudi na mtoto mgongoni, alikuta kikao cha ukoo kimeshaketi. Kibwana alisimama, akasema kwa upole, kama anavyosema siku zote, kwamba dada yake Maimuna, Mungu amrehemu, alikuwa akiishi kwake, na pale uwanjani hapajawahi kuwa na nyumba. Wote wakaitika, "Ndiyo, mjomba." Waliolala matanga mle ndani waliitika. Zuhura naye, vumbi la njiani bado miguuni, aliitika. Mjomba akisema unaitika, halafu ndio unafikiri. Ndivyo walivyolelewa, na alipomaliza kufikiri mguu wake ulikuwa unapita palipokuwa na ukuta, hauoni kizuizi chochote.

"Sisi tuliambiwa hakuna, tukakubali," jirani yao Bi Chausiku alimweleza, huku anamenya ndizi. "Huyo mwanao hajaambiwa. Mbuzi ndiyo kabisa, nani atamwambia? Basi wanajigonga. Mbona ni jambo dogo tu."

Tangu hapo Zuhura hakutulia. Hakukaa kitako akamaliza chai. Alifuata wanambuzi na vifaranga uwanjani, na walipogota alimwaga majivu, mpaka vyumba viwili vikaonekana chini, na jiko. Vifaranga vilimwonyesha mlango, kwa sababu vilizunguka ukuta wote kisha vikaingia mahali pamoja kwa foleni. Hafidhi alifagia majivu kila jioni. Zuhura akayamwaga upya. Na Shadia, akichoka kukimbia, alipanda kibaraza cha bibi yake na kukaa hapo na ndizi yake, shibiri mbili juu ya majamvi, miguu inaning'inia.

"Shadia, utaanguka!" Bi Chausiku alimkemea akipita na ndoo.

Baraza la ardhi la kata lilikubali kuja kuangalia, tatizo likawa siku. Mara wajumbe hawajatimia, mara mvua imekata barabara, mara mwenyekiti ana msiba Mzumbe. Zuhura alipanda na kushuka kilima kuwakumbusha hadi ndala zikaisha. Alikuwa na haraka ambayo hakuweza kuwaeleza. Mtoto alikuwa anaanza kusema. Alishajua maji, mbuzi, na "hikamoo", na juzi alimsikia Hafidhi akimwambia "ondoka" naye akaondoka. Usiku ule Zuhura hakulala kwa hofu. Kuanzia hapo watu wakizungumza habari za uwanja mbele ya mtoto, alimbeba akamtoa mbio, hata katikati ya chakula. Wakasema Dumila imemharibu akili.

Hatimaye wakaja. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na alitazama kila kitu kwa utaratibu. Mwanambuzi akajigonga. "Mbuzi haapi," mwenyekiti akasema. Vifaranga vikaingia mlangoni. Akasema kuku naye haapi. Ndipo Shadia akapanda kibaraza, akakaa hewani, akaanza kula ndizi. Wajumbe wakainama kuangalia chini yake. Mmoja alipitisha mkono.

"Hiki ni kibaraza," mwenyekiti alikiri. "Na kibaraza hakijengwi peke yake. Kilikuwa na nyumba."

Zuhura alishika kifua kwa mikono miwili. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akajizuia.

"Ila hatuwezi kutamka neno kabla mjomba wa ukoo hajasikilizwa," mwenyekiti aliongeza. "Ndiyo desturi. Mzee Kibwana, karibu."

Kibwana alikuja taratibu na fimbo yake. Watu wakampisha, wakamwamkia, naye akaitikia marahaba kwa kila mmoja. Hakuwageukia wajumbe. Alichuchumaa mbele ya mtoto, magoti yakalia, akamtazama kwa mapenzi, na mapenzi yale yalikuwa ya kweli, hakuna aliyewahi kusema Kibwana hapendi watoto.

"Hikamoo babu," Shadia alisema, mdomo umejaa ndizi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

Zuhura alifungua mdomo. Alitaka kupiga ukelele, usimjibu, mwanangu, usimjibu! Lakini mjomba alikuwa anaongea, na mjomba akiongea mbele za watu hakatizwi.

"Babu nakwambia kitu," alisema Kibwana. "Hapa hapana kibaraza. Hapajawahi kuwa na nyumba. Sawa, mama?"

Zuhura alimfundisha mwenyewe mtoto yule, toka akiwa mgongoni, kwamba mkubwa akikwambia neno unaitika vizuri, hununi wala hukai kimya. Shadia akameza ndizi.

"Dio, babu."

Akaanguka. Akatua kitako katikati ya karafuu, pu! Hakulia. Alitazama huku na huku, akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mama yake akipita palepale alipokuwa akijigonga tangu aanze kutembea, bila kugusa kitu.

Watu walicheka kwa furaha, wengine wakampigia makofi. "Amekua huyo!" alisema Bi Chausiku. "Na adabu anayo." Mwenyekiti alimsifu Zuhura kwa malezi, kisha akasema kwamba baraza halioni kitu mahali pale, na uwanja ubaki kama ulivyo. Akaomba maji ya kunywa. Nyuma yao mwanambuzi alijigonga tena, na Hafidhi akamwambia mtu amfunge kamba.

Zuhura alimbeba mwanawe, akampapasa paji la uso. Lilikuwa limeanza kuwa laini.

"Dada, subiri," Hafidhi aliita. "Gauni lake limenasa karafuu. Mkung'utie hapahapa kabla hujaondoka."

Zuhura akamsimamisha mtoto kwenye jamvi, akamkung'uta.