Kinywa cha Aliyefunga

Mgeni aliingia zahanati jua likiwa limeshainamia mlima, Daktari Rihab akijiandaa kuvua koti lake jeupe. Mgeni alikuwa mzee mwembamba, kofia nyekundu kichwani, na sauti yake ilikwaruza kama bawaba kavu.

"Binti yangu, nisaidie. Mimi ni Khmaisi, wa mji wa Kairuani. Mtaa huu umenileta niwasalishe tarawehe za Ramadhani. Usiku huu nahitimisha Qurani, na sauti inanikimbia."

Rihab akamsogelea, na harufu chachu ya chakula ikampiga puani. Naye alikuwa amefunga, kichwa kinamgonga, na gari la mwisho la kwenda kwa mama yake lilikuwa karibu kuondoka. Ulimi ukamtoka.

"Mzee, saumu gani hii inayonuka mchuzi? Mwenzetu umefuturu mchana kweupe?"

Mlango ulikuwa wazi. Muuguzi Mabruka akaangua kicheko. "Labda kwao Kairuani jua huchwa adhuhuri!"

Kwenye benchi la nje wagonjwa waliokuwa wakingoja nao walicheka, kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Jamani, si ndiye tunayesali nyuma yake huyo?" mwanamke mmoja akanong'ona. Wakainuka, wakaondoka na habari yao.

Mzee alikaa kitandani, mikono mapajani. Rihab akachukua kijiti cha kukandamizia ulimi.

"Kijiti hapana, binti yangu," mzee akasema taratibu. "Nimefunga. Nitapanua mwenyewe."

Rihab akakirudisha kijiti mezani. Mtu anayeogopa hata kijiti kikavu kisimharibie saumu angekulaje mchana?

Akawasha tochi. Meno ya juu, kwa nje, yalikuwa mazima. Kwa ndani, upande wa ulimi, yalikuwa yamelika, laini kama kokoto za mtoni. Koo lilikuwa jekundu. Kifua kilikuwa safi. Tumbo lilikuwa laini, ila mzee alikunja uso alipobonyezwa chini kidogo ya kidari.

"Ukiinama, kuna kitu kinapanda?"

"Kila nikisujudu. Maji machungu, pengine na chakula cha daku. Nayatema. Nikimaliza daku nalala, naamka koo linawaka."

"Ni asidi ya tumbo, baba. Ndiyo inayokula meno na sauti. Na ile harufu…" Rihab akazima tochi. Chuoni walifundishwa kwamba wengi wa wagonjwa wa asidi mwili hauonyeshi kitu; huyu mwili wake ulikuwa umesema wazi, naye alikuwa amehukumu kabla ya kuuliza.

Akampa vidonge vya kumeza kabla ya daku, akamwambia ale kidogo, asilale na shibe, ainue kitanda upande wa kichwani. Mzee akavitia mfukoni bila kuvitazama.

"Dawa nashukuru. Lakini nani atasali nyuma yangu leo?"

"Nisamehe, baba."

"Mimi nimekusamehe. Wao hawakusikia msamaha, walisikia mchuzi."

Mabruka akajifanya anapanga bandeji.

"Nitawaambia mwenyewe," Rihab akasema. "Kabla ya adhana. Ukiniruhusu nitaje ugonjwa wako."

"Taja. Ugonjwa si aibu."

Walipotoka pamoja, dereva wa gari la abiria alikuwa kashika mlango. "Daktari, nafasi imebaki moja! Mama yako si kakukaangia briki za futari?"

Mama alikuwa amemngoja mwezi mzima. "Nisubiri kidogo tu," Rihab akaomba.

"Kidogo gani, dada? Adhana hiyoo inakaribia!"

Kwenye ua wa msikiti watu walikuwa wameketi, tende na maziwa mbele yao. Walipomwona Khmaisi, baadhi wakageuza nyuso. Rihab akasimama mbele yao. Watu hawa ndio kwanza walikuwa wameanza kumwamini. Kesho nani angempa mtoto wake ampime?

"Jamani," akaanza, "leo nimemsingizia mzee huyu kwamba kala mchana. Hakula. Anaumwa, asidi ya tumbo inampanda kooni, na harufu ile ni ya ugonjwa. Aliyekosa ni mimi."

Nyuma yake honi ikalia, kisha gari likaondoka, likaanza kuteremka mlima. Rihab hakugeuka. Mzee mmoja wa nyuma alikuwa amekinga sikio kwa kiganja, hajasikia vizuri; Rihab akamsogelea na kuyarudia yote, toka mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.