Kibao cha Kumi na Mbili

Saa moja na dakika kumi asubuhi, kibao cha jiwe la chokaa kilikuwa kikitoa povu ndani ya bakuli la siki, jikoni.

Binti, mpimaji wa udongo kwa kazi yake, alisimama mlangoni. Jana alikuwa amekifukua kibao hicho bondeni, chini ya theluji ya mlima, mahali baba yake alipokizika miaka thelathini iliyopita. Akakiacha mezani kikauke, maana kibao chenye maji hudanganya mizani. Vilizikwa kumi na viwili, vyote vikiwa vimepimwa; kumi na kimoja vilisombwa na maporomoko. Baba alishikilia kwamba maji baridi hubeba hewa ukaa nyingi kuliko maji ya moto, na hewa hiyo huyatia ukali kama wa siki, kwa hiyo huliyeyusha jiwe hata penye barafu. Wenzake walimcheka: baridi huhifadhi nyama, sembuse jiwe? Sasa baba alikuwa amelala chumba cha pili, mapafu yamechoka, akisubiri namba moja tu: gramu zilizopungua.

“Umeamka?” shangazi yake, aliyeinamia bakuli, alisema bila kugeuka. “Nimeona nimsaidie kaka. Jiwe lilikuwa chafu kama kisigino cha mchimba mtaro. Ungempelekea mgonjwa kitu kile?”

“Limo humo tangu saa ngapi, shangazi?”

“Tangu alfajiri. Tazama lilivyotakata!”

Binti alikitoa, akakisuuza, akakikausha kwenye oveni, akakipima mara tatu. Kilikuwa kimepungua gramu tisa. Ngapi zimeliwa na bonde na ngapi na siki, hakuna mizani ya kuzitenganisha.

Akamwambia baba yake hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka.

Kifua cha mzee kilitikisika. Binti alidhani ni kikohozi, kumbe kicheko. “Huyo dada yangu angeosha hata mkaa mpaka uwe mweupe.” Kicheko kikaisha, machozi yakabaki. “Miaka thelathini, mwanangu.”

“Naweza kukadiria, baba.”

“Makadirio hata wale walionicheka wanayo. Andika kimeoshwa. Usiandike na nani. Wala yeye mwenyewe usimwambie.”

Kutoka jikoni shangazi akauliza kama jiwe limempendeza.

“Sana, dada!” mzee alijibu, akihema.

Binti akaandika daftarini: kibao namba 12 kimeoshwa kwa siki kabla ya kupimwa, uzito hautumiki. Baba akatia saini. Alifariki Alhamisi, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, shangazi akimkanda miguu.