Mikono ya Chaki

Sikwenda Amerika kuona Ikulu yao. Nilikwenda kumlisha mjukuu wangu kwa mkono wangu, na siku ya kumi tangu nitue alikuwa hajapokea kwangu hata punje ya wali. Jumanne nilikuwa narudi Kericho. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza, na mimi darasa la kwanza nimelifundisha miaka thelathini na mmoja.

Wala si kwamba mtoto hali. Anakula vizuri sana, Mungu ashukuriwe. Baba yake, mwanangu Kipkemboi, akimpa ndizi anataka kumeza na ganda. Mama yake, Chelagat, akimpa kiazi, kiazi kinaisha. Nikishika kijiko mimi, anafunga mdomo, ananipima kutoka kitambaa cha kichwa hadi kidole gumba cha mguu, kisha anasema, "No." Ana mwaka mmoja na miezi minane, na hilo ndilo neno analolitamka sawasawa kuliko mengine yote.

Angekuwa mtoto mwingine ningesema ni ugeni tu, atazoea. Lakini huyu namjua. Huyu ni mama mkwe wangu.

Ngoja nieleze, usije ukadhani ndege ilinivuruga akili. Kwetu Wakipsigis mtoto akizaliwa, wanawake hukaa naye wakaita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, polepole. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Sasa huyu alizaliwa huku Laurel, Maryland, na sisi wenye majina tuko Kericho, kwa hiyo tuliyaita kwa simu ya video. Mimi nilikaa sebuleni kwangu na wanawake sita, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Upande wa pili mtoto alibebwa na jirani yao wa ghorofa ya chini, mama Mkongo aitwaye Euphrasia, kwa sababu Chelagat alikuwa amelala na kidonda cha upasuaji, na Kipkemboi tulimtoa nje. Shughuli hiyo si ya wanaume.

Nikaita. Nikaanza na waliokufa zamani kabisa, kimya. Nikafika kwa wifi yangu Chepkirui, dada ya mume wangu, aliyenipokea nilipoolewa akanichotea maji mwezi mzima ili mikono yangu isichubuke. Hapo nilisubiri. Nakiri, nilimpendelea. Kimya. Wanawake wakaanza kunikazia macho, ikabidi nisonge mbele, nikasema jina lililofuata, "Taprandich," na kabla sijafunga mdomo, chafya. Nyumba nzima ikalipuka vigelegele. Nami nikapiga vyangu, kwa adabu.

Taprandich ndiye aliyemzaa mume wangu. Niliishi naye boma moja miaka kumi na mmoja, mpaka akafariki, na katika miaka hiyo yote hakula hata siku moja kitu kilichotoka mkononi mwangu. Hakunitukana wala hakunigombeza. Nilikuwa namwekea ugali na mboga, yeye anasema, "Nimeshiba." Saa moja asubuhi ameshiba, saa saba mchana ameshiba. Sababu aliitoa mara moja tu, akimwambia mgeni nami nipo palepale mlangoni na sinia: "Mikono ya chaki haipiki." Alitaka mkaza mwana wa kukamua na kulima, akaletewa mwalimu. Siku tulipomzika nililia sana, watu wakasema kumbe alimpenda hivi. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira, kwa kuwa sasa hangekula kamwe.

Basi unaelewa kwa nini ile "No" ilinichoma.

Ikaja sikukuu yao ya wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba, Jumamosi mpaka Jumatatu, na wafanyakazi wote ninaowajua walikuwa kazini. Kipkemboi anatunza wazee kule Rockville, na wazee hawana sikukuu. Chelagat ni muuguzi, na wagonjwa nao hawajui kalenda. Kule anakoshinda mtoto kila siku kumefungwa. Kwa hiyo siku tatu zile tulikuwa sisi wawili, mimi na mama mkwe.

"Mum, utaweza?" Chelagat aliniuliza Jumamosi asubuhi, funguo za gari mkononi.

"Nimeshika watoto sitini na chaki moja," nikamwambia. "Nenda kazini."

Nilimpa mtoto uji, akaumwaga. Nikampa wali, akamlisha mdoli wake, na mdoli alikula vizuri tu. Kisha akateremka kitini, akaenda mwenyewe kwenye meza ndogo alipoachiwa na mama yake mkate wenye jibini, akala wote amenigeuzia mgongo. Yaani kula anakula, mradi kisipitie kwangu. Baadaye nikatafuta kandambili zangu nusu saa nzima, nikazipata ndani ya mashine ya kufulia.

Na mimi, nisijifanye mtakatifu, nilikuwa nimekauka kama kuni. Nilimsogezea sahani kwa mikono miwili, macho chini, namwita Mama. Shuleni mtoto akigoma kula ningemtekenya, ningemtania, ningemwimbia. Huyu sikuthubutu kumgusa kidevu.

Saa sita mchana mume wangu akapiga simu. Kwake Kericho ni saa moja jioni, amekwisha kunywa chai, hana kazi ila kunichokoza.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu tuoane. "Mama amekula?"

"Bado."

"Mama hajabadilika," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Nikakata simu.

Jumapili nilijipanga. Niliamka nikakanda unga, nikapika chapati laini za kukunja, zile ambazo mwalimu mkuu wetu alikuwa anazitungia visingizio vya kupita kwangu. Nyumba nzima ikanukia. Nikamkalisha mtoto kwenye kiti chake kirefu, nikachana kipande, nikapuliza, nikampelekea mdomoni. Akakitazama. Akanitazama.

"No."

Hapo nikachoka, kwa kweli. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake nikamwambia yote. "Mama, miaka kumi na mmoja. Nilikuwa natoka shule saa kumi na sijavua viatu naingia jikoni, kwa ajili yako. Nilijifunza kukamua ng'ombe yule mwenye teke kwa ajili yako. Nilikukosea nini? Kujua kusoma? Watoto wako wadogo ni nani aliwafundisha kuandika majina yao? Na sasa nimekufuata mpaka huku, magoti yamevimba kwenye ndege, nikupe kipande cha chapati, bado umeshiba?"

Alinisikiliza mpaka mwisho, kidole kimo puani. Kisha akapiga miayo, na kwa kuwa miayo ni miayo nikampeleka kulala. Mzee alipopiga simu mchana huo nilijibu "Bado" kabla hajauliza.

Alipoamka tukashuka nje. Chapati moja nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa, yangu, kwa sababu hasira inanipa njaa. Karibu na mlango kulikuwa na mfuko ambao Chelagat huteremka nao, nikaufungua nikitafuta mpira. Zilikuwa chaki. Chaki nene, za bluu, nyeupe na waridi, watoto wa huku wanachorea nazo njia ya kupita watu, mvua ikija inafuta.

Sikuzichukua ili nimbembeleze, nisije nikajisifu bure. Nilikuwa nimekasirika, na mwalimu akikasirika anaandika ubaoni. Niliinama kwenye saruji kando ya magari nikaandika a, e, i, o, u, mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Nikachora kuku. Nikachora ng'ombe yule mwenye teke. Magoti yakasema yatakachosema, mimi nikaendelea, na nilipofika kwenye mkia nikasikia pumzi sikioni pangu.

"Moo," akasema.

"Ndiyo, Mama. Moo. Na huyu anapiga."

Akachuchumaa. Akachukua chaki ya bluu, akachora mstari katikati ya ng'ombe wangu. Kisha akatia mkono wake ndani ya mkono wangu, kama wanavyofanya wote ule muhula wa kwanza, nimwongoze. Tukachora ng'ombe wa pili, wa tatu, boma zima, mpaka tukafika kwenye gari la mtu. Sikumwita jina lolote. Nilisahau kuogopa, ndio ukweli.

Nikahisi njaa, nikafungua kitambaa nikachana chapati yangu. Vidole vilikuwa vimejaa vumbi la chaki, bluu mpaka kwenye kucha, na nilikuwa natafuta pa kuvifuta nilipoona anavitazama. Akatazama kile kipande. Akatazama vidole tena. Akafungua mdomo.

Nilitulia kama mtu aliyeona ndege ametua dirishani. Kisha nikamlisha. Akatafuna polepole, na chaki yake, na vumbi lake, akameza.

"More," akasema.

Nikammalizia chapati yote hapo chini, kipande baada ya kipande, na mimi nalia bila aibu mbele ya majirani waliokuwa wanapita na taulo zao kwenda kuogelea. Yeye akanipangusa shavu kwa kiganja kizima. Nilipopanda juu na kujiona kwenye kioo, nilikuwa wa bluu.

Kericho ilikuwa usiku wa manane, kwa hiyo sikumpigia Mzee. Wala Kipkemboi na Chelagat sikuwaambia waliporudi, ingawa Kipkemboi aliuliza nani amejaza boma la ng'ombe mahali pake pa kuegesha gari. Habari hii mwenyewe alikuwa mmoja, na ndiye angeisikia kwanza. Nililala nikiwa mwepesi.

Jumatatu Euphrasia alikuwa anachoma nyama nyuma ya jengo, akatuita. Ni mwanamke wa Bukavu, mkarimu, Kiswahili chake kinapita njia nyingine lakini tunafika pamoja. Mtoto alizunguka kwenye majani na kila akipita kwangu anafungua mdomo, namtilia kipande cha chapati, anaenda. Nilikuwa nimekaa pale kama malkia.

"Mama Kipkemboi, kuya uone," Euphrasia akasema, akifuta mikono ashike simu yake. "Minachunga hii video tangu mtoto anazaliwa. Ile siku mulikuwa munaita majina. Kila siku minasahau kukuonyesha."

Nikavaa miwani. Alikuwa amerekodi kwa simu yake mwenyewe, huku ile ya Chelagat imesimama mezani na sisi ndani yake, wadogo wadogo, na chupa yetu ya chai. Mtoto amelala kifuani kwake, mwekundu, wa siku nne. Nikasikia sauti yangu ikitoka kwa shida katika ile simu, inaita majina. Ikasema, "Chepkirui."

Mtoto akapiga chafya.

Kisha kimya, kimya kirefu. Kisha sauti yangu tena, "Taprandich," na nyuma yake vigelegele.

Nilimwomba arudishe. Akarudisha. Nikaomba tena. Mtandao wetu wa kijijini uliibeba ile chafya polepole kutoka Laurel, ukaifikisha Kericho wakati mimi nimeshaondoka kwenye jina la wifi yangu na kutua kwa mama yake. Euphrasia hakuyajua majina yetu. Yeye alidhani tunasali. Chelagat alikuwa usingizini. Hakuna mtu mwingine aliyesikia.

"Iko shida?" Euphrasia akauliza, kwa sababu nilikuwa nimevua miwani.

Kabla sijamjibu, simu yangu ikalia. Saa sita kamili.

"Mwalimu," akasema mume wangu. "Mama amekula?"

Nilimtazama mtoto. Alikuwa anakuja mbio, anayumba, chaki ya waridi mkononi.

"Amekula," nikasema. "Jana. Chapati nzima, kwa mkono wangu. Na mkono ulikuwa na chaki."

Kisha nikasikia anapenga kamasi.

"Nilikuwa namwambia," akasema, na sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu siku ya mazishi. "Kila siku nilikuwa namwambia, Mama, onja tu. Sikukueleza, ungeona aibu. Nilimsihi miaka yote ile."

"Basi ameonja," nikamwambia. "Usilie, utapandisha presha."

Alipokata, Euphrasia bado alikuwa ameshika simu yake, ile video imesimama kwenye uso wa mtoto wa siku nne. Nikamfikiria Chepkirui. Chepkirui alikuwa mtu wa kucheka, na maishani mwake alinipa kila alichokuwa nacho bila kuombwa. Nikajua hili pia angenipa.

"Futa," nikasema.

"Mi nifute kabisa?"

"Kabisa, dada yangu."

Akafuta. Mama mkwe wangu akafika, akashika goti langu kwa mkono wa chaki, akafungua mdomo, nami nikachana kipande kingine.