Wiki Nne Mbali na Unga

Walimwita Mama Mashine, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa kwa miaka ishirini na mitatu yeye na mashine yake ya kusaga nafaka walikuwa kama pete na kidole. Hata miaka miwili ya mwisho, ukungu ulipoanza kumtanda machoni, wateja hawakushtuka. Alimjua mtu kwa kikohozi chake, akaupima ulaini wa unga kwa ncha za vidole, kazi ikaendelea. Siri ilifichuka siku alipomwaga debe zima la mahindi sakafuni, pembeni kabisa ya mdomo wa mashine, huku akisema, "Haya, limeingia hilo."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Wiki ile ile alimpeleka hospitali.

"Ni mtoto wa jicho," daktari alisema. "Macho yote mawili. Tutaanza na la kulia."

"Mtoto uzeeni!" Mama Mashine akajibu. "Na baba yake wala simjui."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Upasuaji wenyewe haukufika nusu saa. Kesho yake asubuhi muuguzi alipobandua bandeji, Mama Mashine alitazama kwanza koti la yule dada, akalitazama tena.

"Koti lako mmelifua na nini leo?"

"Ni lile lile la jana, mama."

Kumbe nyeupe ndiyo hii! Siku zote hizo alikuwa anaona kila kitu kimechovywa kwenye chai, akadhani dunia imezeeka pamoja naye.

Muuguzi alimkalisha, akamweleza taratibu. Kidonda ni kidogo kuliko punje ya mchele, lakini kipo. Asilisugue jicho, hata liwashe vipi. Asiiname mpaka kichwa kishuke chini ya kiuno, asinyanyue mizigo, maji na sabuni visiingie. Akilala alifunike kwa kile kikombe kidogo cha plastiki, akibandike kwa plasta, maana usingizini mkono hauna adabu.

"Likianza kuuma sana, au likizidi wekundu, au uoni ukififia, usingoje kesho. Njoo siku hiyo hiyo. Na kazi yako ni ipi, mama?"

"Nasaga unga."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Basi kwa wiki nne hutatia mguu mle ndani."

"Hata nikisimama mlangoni tu?"

"Vumbi haliulizi mlango uko wapi."

Nyumbani binti alishika usukani. Chupa za dawa zilikuwa mbili, moja ya kizibo cheupe, nyingine ya kizibo cha rangi ya waridi, na kila saa ya dawa aliiandika kwenye kalenda jikoni. Alinawa mikono kwa sabuni, akamwinua mama yake kidevu, akavuta kope ya chini, tone moja. Wakangoja dakika tano, ndipo likaja tone la chupa ya pili.

"Fumba polepole, Mama. Unakaza kama unakunja ngumi."

"Wewe nilikuwa nakutia dawa ya pua unapiga mateke. Mimi nimepiga teke?"

"Hujapiga. Na usiokote hiyo kandambili, nitakuokotea mwenyewe."

Hata nywele alioshwa akiwa ameegemea kiti, kichwa kimelala nyuma juu ya beseni na taulo limefunika paji la uso. Akasema kwamba kama uzee ndio huu, basi umechelewa kuja.

Jambo moja tu lilimkereketa. Mashine ilikuwa imeachwa mikononi mwa mkwe, mume wa huyo binti. Alikuwa fundi baiskeli, kijana mpole, mwenye heshima kupita kiasi. Akiongea na mama mkwe alitazama vidole vya miguu yake mwenyewe. Mama Mashine alimpenda kama mkwe. Kama msagaji, alikuwa bado anamchekecha. Kibanda cha mashine kilikuwa ng'ambo ya ua, hatua ishirini kutoka jikoni, na tangu asubuhi hadi jioni sikio lake lilikuwa huko.

Siku ya tisa, binti alipokuwa amekwenda dukani, sauti ikaharibika. Chini ya ule mngurumo wa kawaida kulikuwa na kitu kinagonga: ngo, ngo, ngo. Mashine ikazimwa. Ikawashwa tena, na sasa ikaongeza mlio mkali kama kilio.

"Amekaza mkanda," akajisemea. "Mkanda una kosa gani, jamani?"

Alivaa miwani yake myeusi, akavuka ua. Wateja watatu waliokuwa wamekaa juu ya magunia yao walimpisha njia. Alikuwa amekwishatia mguu mmoja kizingitini wingu la unga lilipomtokea puani. Akafumba macho, akarudi nyuma hatua tatu.

Alisimama pale uani na hasira zake. Ile mashine haikuwahi kufunguliwa na mkono mwingine. Akiingia, dakika kumi kazi imekwisha. Akiingia, huenda na jicho nalo limekwisha. Na yeye alikuwa ameshaionja nyeupe ya kweli. Hakuwa tayari kurudi kwenye chai.

"Zima!" akapaza sauti. "Zima, utoke!"

Mkwe alitoka mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, akamkimbilia.

"Simama hapo hapo! Usinikung'utie unga wako. Una simu?"

"Ninayo, Mama."

"Ngoja nifike ndani, kisha unipigie. Rudisha mkanda ulivyokuwa."

Alikwenda jikoni, akafunga dirisha na mlango, akakaa wima kwenye kiti. Simu ikaita.

"Washa bila kutia nafaka. Peleka simu upande wa mota."

Akasikiliza. Mota ilikuwa nzima.

"Sasa njoo nayo kwenye tumbo la mashine. Usiweke karibu sana, inapiga kelele mpaka inasema uongo. Hapo! Tulia hapo."

Ngo, ngo, ngo. Pigo moja kwa kila mzunguko, halikosi.

"Zima. Ni nyundo moja, pini yake imelika. Kata umeme kwenye swichi kubwa ya ukutani. Umekata?"

"Nimekata."

"Jaribu kuwasha, tuhakikishe."

Kimya. Ndipo akamwamuru afungue mfuniko na kuzishika zile nyundo za ndani zinazoponda nafaka, moja moja, aseme ipi inacheza. Mkwe alihesabu kwa sauti. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya tano akaacha kuhesabu.

"Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kutazama vidole vya miguu. "Pini imebaki nyembamba kama sindano ya kushonea magunia. Ingekatika humu ndani..."

"Ingetoboa bati na kumfuata mtu. Pini mpya zipo kwenye kopo la maziwa, rafu ya juu. Usibadilishe moja, badilisha na ya upande wa pili, zilingane uzito."

"Kama magurudumu," akasema.

"Enhe! Kama magurudumu. Kumbe unajua."

Ilimchukua karibu saa nzima, na Mama Mashine hakukata simu. Mashine ilipowashwa, aliisikiliza mwanzo hadi mwisho wa debe zima.

"Hiyo ndiyo sauti yake," akasema. "Mkono wako mzuri, mwanangu."

Binti aliporudi alimkuta mama yake amekaa wima, miwani usoni, anatabasamu peke yake. Alimkagua jicho kwa tochi kama askari wa zamu. Halikuwa limebadilika. Hata hivyo alipoambiwa habari ya mguu kizingitini, aligomba mpaka chai ikapoa, na mama mtu akagombwa bila kujitetea.

Wiki nne zilipotimia, daktari alimulika jicho, akasema limepona vizuri. Mama Mashine akasoma herufi za ukutani mpaka mstari wa mwisho kasoro mmoja, kisha akauliza la kushoto litafanywa lini. Akapangiwa mwezi uliofuata.

Njiani kurudi alinunua miwani miwili ya kinga, ile ya plastiki inayoziba mpaka pembeni. Mmoja alimvalisha mkwe kwa mikono yake. Ndipo akaingia kibandani, akasimama. Kwenye mdomo wa kutolea unga palikuwa na mfuko mrefu wa kitambaa kizito, umefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na unga ulikuwa unashuka humo bila kuruka ovyo.

"Nani kakufundisha hii?"

"Hakuna, Mama. Nilichoka kupiga chafya."

Alizunguka mashine yote, akaukaza ule mpira kwa kidole, akakosa cha kurekebisha. Akavaa miwani yake, akaketi kando, na mteja wa kwanza alipouliza ni nani wa kumpa debe, akamwonyesha mkwe kwa kidevu.

"Mpe fundi," akasema.