Kabati la Claudine na Bunduki ya Rangi

Reverien alikuwa ameapa mbele ya familia nzima kwamba kabati la vyombo la dada yake Claudine halitaguswa na brashi. Kitanda alichojitengenezea mwaka jana alikipaka kwa brashi, mistari ikajipanga kama matuta ya muhogo, na mpaka leo wageni wakikiona wanamuuliza mvua zikianza atapanda nini. Sasa Claudine anaolewa Kibondo. Kabati litashushwa kwenye gari mbele ya akina mama wa ukweni wakiimba, na akina mama wale, kama ilivyo kawaida, watapitisha viganja kwenye kila kitu kabla hakijaingia ndani. Matuta hayakutakiwa.

Alhamisi, harusi ikiwa Jumamosi, akapanda bodaboda kutoka Heru Juu hadi Kasulu mjini, dukani kwa Nurudini, muuza vifaa vya ujenzi. Nurudini akamwekea mashine mbili za kupakia rangi kwenye kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, ya njano, imevimba tumbo, ina waya wa umeme nyuma.

"Hii unachomeka ukutani, unapuliza. Kwa kazi ya nyumbani inatosha."

Reverien akaigeuzageuza. "Kaka, hii si ya kukaushia nywele saluni?"

"Basi kakaushe kabati."

Ya pili ilikuwa bunduki ya kupulizia, chuma kitupu, inang'aa, kikombe cha rangi kimekaa juu kama kofia ya askari wa gwaride. Reverien akaishika, akafumba jicho moja, akalenga misumari. Mapenzi yakaanzia hapo.

"Hiyo inataka kompresa," Nurudini akaonya. "Unayo?"

"Ipo," Reverien akasema, akalipa.

Ni kweli ilikuwepo. Ila ilikuwa ya Venanti, fundi pancha wa njia panda ya Heru Juu, nayo ilifungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya kibanda, maana Venanti haamini mtu aliye hai.

"Kompresa haitoki hapa," Venanti alisema. "Kabati lako halina miguu?"

"Linayo."

"Basi lije."

Ijumaa alfajiri majirani wakalibeba mpaka barabarani. Udongo ulikuwa na umande, upepo umelala. Reverien, ambaye ufundi wote aliusomea kwenye video za simu, akaona aanze na mgongo wa kabati ili mkono uzoee. Rangi ya maziwa ikatoka kama ukungu, ikatua, ikatulia. Hakuna mstari, hakuna tone. Venanti akainama, akajitazama meno kwenye rangi.

"Huo ni mgongo tu!" Reverien akatamba. "Subiri uone sura."

Alipohamia kwenye milango, jua lilikuwa limepanda na bodaboda zimeamka.

"Venanti, upepo wa tairi la nyuma, fasta!" dereva wa kwanza akaita.

Venanti akachomoa mpira wa hewa kwenye bunduki, akauchomeka kwenye tairi. Reverien akabaki amelenga kabati kama askari aliyeishiwa risasi.

"Venanti wee, nimalizie mlango huu tu!"

"Kabati halina abiria, ndugu yangu. Huyu anaye."

Akirudishiwa mpira, anapuliza kidogo, ananyang'anywa tena. Na kila ukirudi, bunduki ilikohoa kwanza, ikatema matone.

"Bro, unalipaka au unalitemea mate?" dereva mmoja akauliza.

Hapohapo likapita lori la mahindi. Nyuma yake lilivuta wingu jekundu la vumbi. Alitanua mikono kama golikipa, lakini vumbi likampita kushoto, kulia na katikati ya miguu. Lilipotua, milango ilikuwa na rangi ya matofali, na ukiigusa unadhani ni msasa.

Akampigia Nurudini. "Kaka, ile ya saluni bado ipo?"

"Kaichukua mama mmoja asubuhi hii. Anapaka viti vyake."

Claudine alikuja mbio, akapitisha kiganja mlangoni. "Yewe, Reverien! Hili ni kabati au jiwe la kusugulia miguu?"

"Nilitaka mama mkwe wako akose la kusema."

"Mama mkwe wangu? Akose la kusema?"

Mchana kutwa Reverien alikwangua, akafuta kwa thina, akalaani malori. Jioni, ameuma meno, akaomba brashi. Matuta yakarudi yote, hata moja halikupotea njiani.

Jumamosi, Kibondo, gari liliposimama na nyimbo kuanza, Claudine akachungulia kutoka kwenye shela. "Geuzeni," akawanong'oneza wabebaji. Kabati likashuka na mgongo mbele. Viganja vikapita. Vigelegele vikapaa. Kama kioo! Reverien, aliyeshika kona ya nyuma, akaanza kupumua.

Mama mkwe akalizunguka taratibu. "Sasa hili linafunguliwa wapi?"

Akaifikia milango, akapitisha kiganja juu ya matuta, kutoka juu hadi chini, bila haraka.

"Mafundi walikuwa wawili, naona," alisema. "Aliyepaka nyuma nimpeni namba yake, ana kazi kwangu. Huyu wa mbele mwambieni abaki hukohuko kwao."

Claudine akauma shela. Mafundi wote wawili, ndani ya shati moja la Reverien, wakainua kona yao, wakaliingiza kabati ndani.