Njaa Baada ya Mazoezi

Riyadhi, mwalimu wa mazoezi, aliweka mizani katikati ya uwanja wa shule, mahali ambapo hata wapita njia wa kwenda sokoni Muleba waliweza kuona. Wanawake walipanda mmoja mmoja, naye akatangaza kilo zao kama mtu wa mnadani. Zamu ya Edvina ilipofika, Riyadhi alitazama mshale akatikisa kichwa.

"Dada Edvina, umeongezeka tena. Asubuhi unakimbia, jioni unakula kwa kujificha. Unatudanganya hapa."

Wanawake wakacheka. Edvina alishuka, masikio yakiwaka moto.

Alikuwa fundi cherehani. Alipokuwa msichana kwao Kaagya hakujua kukaa: alichota maji, alikata nyasi za kutandaza kibanjani chini ya migomba, alichuma kahawa. Tangu aolewe mjini, sehemu kubwa ya siku ilipita yuko kwenye kiti. Presha ilipopanda, daktari alimwambia afanye mazoezi, ndipo akajiunga na kundi la Riyadhi. Hakukosa asubuhi hata moja, isipokuwa Jumapili kwa ajili ya misa.

Maneno ya uwanjani yalimtangulia nyumbani. Mumewe, Avit, alikuwa mnunuzi wa kahawa aliyejuana na kila mtu.

"Watu wananiuliza nakulisha nini," Avit alimwambia jioni hiyo. "Kuanzia kesho stoo nitaifunga mimi. Nitakutolea chakula kwa kipimo. Nakusaidia tu."

Edvina alidhani ni utani. Kesho yake alitoka mazoezini akiwa na njaa, akakuta kufuli mlangoni na Avit ameshaondoka na ufunguo. Alikunywa chai ya rangi akaenda kazini. Mchana mikono ilianza kutetemeka, na sindano ya cherehani ikamchoma kidole hadi kwenye kucha.

Limi, muuza dagaa wa kibanda cha pili aliyetoka visiwani, alimfunga kidole kwa kipande cha kitambaa, akamletea ndizi mbivu.

"Umekula nini leo?"

"Sijala. Mume wangu amefunga stoo."

Limi aliketi karibu naye. "Kwetu tunafunga mbuzi wasile mihogo. Mke kufungiwa chakula, hilo sijawahi kulisikia."

Edvina alimaliza ndizi, akafunika cherehani, akarudi nyumbani jua likiwa bado kali. Alichukua shoka nyuma ya nyumba akalivunja kufuli. Alimenya ebitoke, zile ndizi mbichi za kupika, akazipika kwa maharage, akaketi sebuleni kula, mlango ukiwa wazi kabisa.

Avit alimkuta hapo.

"Umevunja kufuli?"

"Nimevunja. Kibanja nalima mimi, maharage nimenunua kwa kushona sare za watoto wa watu. Halafu nile kwa ruhusa?"

"Edvina, nilitaka upone."

"Umenifanya mwizi ndani ya nyumba yangu. Hukuniuliza hata mara moja. Ulimwamini Riyadhi." Sauti yake haikupanda. "Kesho tunakwenda Bukoba kwa daktari. Utasikia mwenyewe."

Huko Bukoba, Daktari Ndyamukama alimpima presha, akarudia kupima, kisha akasema imeshuka vizuri. Alimwuliza siku yake inakwendaje baada ya mazoezi.

Edvina alifikiri. "Nachoka. Zamani nilitembea kwenda kazini, sasa napanda bodaboda. Mchana nikipata nafasi najilaza juu ya vitambaa. Hata kibanjani sishindi tena kama zamani."

"Na njaa?"

"Siku nyingine ukitoka kukimbia huitaki hata chai. Siku nyingine inakushika jioni kama homa."

Daktari alimgeukia Avit. "Wanawake wengi hupatwa na hali hii. Mtu akitumia nguvu nyingi asubuhi, mchana anapunguza mwendo bila kujijua, na wengine njaa inawazidi. Uzito unagoma kushuka, pengine hata unapanda. Si lazima awe anakula kwa kujificha. Mazoezi yamemsaidia presha, kwa hiyo asiyaache. Ale vizuri, mchana asikae sana. Kumfungia chakula ni kumwumiza."

Avit alitazama sakafu. Walipofika stendi alisema taratibu, akimwita kwa heshima, "Nilikosea, Ma Edvina."

Edvina alipanda basi. Kilichomuuma zaidi hakuwa tayari kumwambia bado: kwamba hata yeye aliwaamini. Mara ngapi alikuwa amekitazama chakula chake mwenyewe kwa hofu, akijiuliza kama kweli ni mlafi na mwongo asiyejijua. Walimfanya ajishuku, naye akakubali. Safari nzima ya kurudi Muleba alikaa ameuma meno, akitazama dirishani.

Jumatatu alikwenda uwanjani. Avit alimfuata bila kuitwa. Riyadhi alipoita jina lake, Edvina alibaki mahali pake.

"Sipandi."

"Bila mizani utajuaje kama unaendelea?"

"Presha yangu anapima daktari, na imeshuka. Kilo zangu si tangazo la mnada. Uliniita mwongo mbele ya hawa. Niombe radhi mbele yao."

Riyadhi alicheka kidogo, akamtazama Avit kama mwanamume anayetafuta mwenzake.

"Usinitazame mimi," Avit alisema. "Umeambiwa na yeye."

"Basi, samahani kama umeumia."

"Hakuna kama. Niliumia."

Riyadhi alikuna shingo. "Samahani," akasema, safari hii bila kucheka. Wanawake watatu walitoka kwenye foleni. Wengine walibaki wakapimwa, mmoja akinung'unika kwamba Edvina anajifanya mkubwa.

Edvina alikimbia mizunguko yake yote, na hasira haikupungua hata kidogo. Alipomaliza aliwapita waendesha bodaboda waliomwita, akashika njia ya sokoni kwa miguu. Avit aliharakisha kumfikia. Edvina hakumfukuza, wala hakupunguza mwendo.