Fomu Namba Saba

Kwa miaka kumi na mmoja nilifagia ofisi ya idara ya wanyamapori, ghorofa tatu pamoja na ngazi zake, na kwa miaka hiyo yote barua yangu ya ajira ya kudumu ilikuwa "inashughulikiwa". Nilikuwa mtu wa mkataba, miezi mitatu mitatu. Kila mkataba ulipokaribia kuisha nilianza kuwasalimia wakubwa kwa sauti nyororo, na wifi yangu ninayeishi naye alikuwa akiniiga huku anacheka mpaka anakohoa. Lakini safari hii Mkurugenzi mwenyewe alinisimamisha mlangoni.

"Mama, sasa unaingia kwenye ajira ya kudumu," alisema. "Ngoja tu tupokee wageni."

Wageni hao walikuwa wafadhili, na walikuwa wanakuja kwa ajili ya popo.

Popo mwenyewe alikuwa kwenye bango kubwa pale mapokezi: mdogo, uso umekunjamana kama mtu aliyelamba ndimu, masikio marefu kuliko kichwa, na doa jeupe kwenye bega la kushoto. Chini yake waliandika: JE, UMEMWONA? Hakuna aliyekuwa amemwona kwa miaka tisa. Mwenye kazi ya kumtafuta tulimwita Daktari, ingawa ukiumwa kichwa hana msaada. Kila mwezi Daktari na wenzake walipakia mahema, nyavu na maji ya chupa kwenye magari mawili, wakakaa msituni wiki nzima, wakarudi na matope hadi magotini. Popo hakuna. Matope nayajua, maana niliyefuta sakafu ni mimi.

Na bango nalo nililifuta mimi, kila asubuhi. Kwa hiyo siku ile nilipokuwa napiga deki choo cha wanaume ghorofa ya tatu, nikainua macho na kuona sura inanichungulia pale ubao wa dari ulipoachana na ukuta, sikuhitaji shahada. Masikio yale yale. Doa lile lile.

"Kumbe uko hapa," nikamwambia, "na watu wazima wanahangaika porini?"

Kinyesi chake nilikuwa nakizoa siku nyingi bila kujua ni cha nani. Kilianza kudondoka mwaka ule walipokata miti mikubwa yenye matundu nyuma ya jengo, ili idara ipate pa kuegesha magari ya kwendea msituni.

Nilimweleza Daktari. Alinitazama kwa huruma.

"Mama, huyo ni popo wa paa tu. Huyu wetu anaishi kwenye matundu ya miti, mbali na watu. Hawezi kukaa chooni."

"Hakai chooni, Daktari. Anakaa juu yake."

"Haya, kama una uhakika, jaza fomu namba saba."

Alikuwa ananitania. Mimi nikaijaza. Mahali alipoonekana: dari ya choo cha wanaume, ghorofa ya tatu. Umbali kutoka barabarani: hatua thelathini. Hali ya msitu: hakuna. Vifaa vilivyotumika: dekio na ndoo. Cheo cha aliyeona: mfagizi.

Kesho yake nilipopeleka chai kwenye chumba cha mikutano, nikakuta fomu yangu inasomwa kwa sauti. "Dekio na ndoo!" alirudia Mkurugenzi, akijifuta machozi. Nilirudishiwa ikiwa na muhuri mwekundu: IMEKATALIWA. CHEO HAKITOSHI. Nami nilicheka pamoja nao, kwa ajili ya ile barua yangu, na nilijichukia njia nzima hadi nyumbani.

Wiki ya wageni ilipofika, Mkurugenzi alipanda hadi ghorofa ya tatu, akakunja pua.

"Harufu hii wageni wasiikute. Ijumaa asubuhi anakuja mpiga dawa. Apulize dari yote, kife kila kilichomo. Wewe mama utamfungulia."

Wifi yangu nilipomsimulia hakucheka.

"Popo atakulipia kodi ya nyumba?"

"Hapana."

"Basi fungua mlango, upokee barua yako, uwaombee popo pepo njema."

Alisema kweli. Ijumaa nilitoka nyumbani nimeshaamua kufungua. Lakini nilipofika kwenye bango, kitambaa mkononi, nikashindwa kumfuta uso mtu ninayekwenda kumuua. Hasira ikanipanda. Ufunguo wa stoo ninao mimi. Nikaingia, nikachukua kimoja cha vile vibao vya chuma vinavyopelekwa msituni, nikakifunga kwa waya kwenye mlango wa darini, kile kifuniko kilicho juu ya choo: ENEO LA HIFADHI. KUINGIA BILA KIBALI NI KOSA LA JINAI.

Mpiga dawa alikuja na mtungi wake mgongoni. Alikisoma kile kibao mara mbili, akaushusha mtungi.

"Dada, mimi hapa sigusi."

"Lakini waliokuita ndio wenye kibao, kaka."

"Basi waje wakitoe wenyewe. Nina watoto."

Mkurugenzi aliitwa. Alipanda anahema, Daktari nyuma yake, na nyuma ya Daktari wageni wawili waliokuwa wamewahi kufika na kudhani hiyo ni sehemu ya ratiba. Mkurugenzi alinitupia jicho, nikajua barua yangu imekwenda. Daktari alipanda ngazi ili aking'oe kibao. Alipokivuta, mlango wa darini ukafunguka kwa uzito wake. Akawasha tochi, akaingiza kichwa. Tuliona miguu yake tu.

"Daktari, kuna nini?" aliuliza mgeni.

"Ni yeye," alisema. "Wamejaa."

Mkurugenzi hakupoteza hata sekunde. "Ndugu wageni," alisema, "tulitaka iwe ya kuwashtukiza."

Walipigiana makofi pale pale mlangoni mwa choo. Magazeti yaliandika juu ya msako wa miaka tisa uliozaa matunda. Mimi kwenye picha nipo; ule mkono unaoshikilia ngazi ni wangu.

Kisha sheria ikafuata mkondo wake. Makazi ya kiumbe adimu hufungwa, watu wote hutoka. Idara ikahamia jengo jipya lenye lifti, linalosafishwa na kampuni. Na barua yangu nayo ikafika, ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja. Niliifungulia jikoni, wifi akisoma begani kwangu: kwa kuwa shughuli za ufagiaji zaweza kuwasumbua viumbe walio hatarini kutoweka, nafasi ya mfagizi imefutwa.

"Ungekuwa na masikio marefu, wangekulinda," alisema wifi. Kisha akanikumbatia, nikalia.

Siku yangu ya mwisho nilikuwa nasuuza madekio pale nje, Daktari akaja na ramani ya jengo. Mafundi walikuwa wanakuja kesho kuziba matundu yote ili panya na wezi wasiingie, isipokuwa lile wanalopitia popo. Jioni mbili alikuwa amekaa mbele ya jengo akiwavizia, asione hata mmoja. Kumbe wao wanatokea nyuma, juu ya maegesho.

"Mama, wewe unalijua tundu lao?"

"Nalijua."

Akanikunjulia ramani. Nikageukia mkoba wangu, nikatoa kwa ncha za vidole fomu namba saba, tupu, niliyoichukua ya akiba siku ile nilipojaza ya kwanza.

"Mimi mikono ina sabuni. Nijazie."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaandika kila nilichomtajia: tundu la tatu chini ya bati, upande wa maegesho. Alipofika kwenye cheo cha aliyeona, kalamu ikasita. Alinitazama, akainama, akaandika kwa wino: mfagizi.

"Inatosha hivyo, mama?"

"Ongeza," nikamwambia. "Wa zamani."